Kwa Hiari Yangu

Nyemo,

Umeondoka baada ya ibada ya kwanza kwenda Hombolo kumuaga bibi yako, na umesema utarudi kabla ya jua kuzama. Begi lako kubwa liko sebuleni, nimelifunga kitambaa chekundu ili ulitambue uwanja wa ndege. Treni ya Dar ni kesho asubuhi. Kwa hiyo nina mchana huu mmoja tu. Nyumba imenyamaza, nami nimekaa kwenye meza ninayosahihishia madaftari ya wanafunzi.

Sitakuandikia habari za soksi nzito, wala kula kwa wakati, wala kutunza pasipoti. Hayo Mama Rehema wa jirani ameshakuambia yote, pamoja na yale asiyoyajua. "Huko Estonia baridi inakausha nyama bila moto," alikwambia juzi, ameegemea ukuta wetu. "Sisi kwetu Kondoa baridi ipo, lakini ina adabu. Wewe mtoto, ukiona husikii pua, rudi nyumbani." Ulicheka mpaka ukachuchumaa. Kisha ukaniita: "Dada, njoo umsikie Mama Rehema anavyonitisha!"

Dada. Ni mimi niliyekuzaa, Nyemo. Unajua, nami najua kwamba unajua, na huu ni mwaka wa tano tunaishi pamoja hapa Miyuji tukilizunguka neno hilo kama watu wanaozunguka shimo lililochimbwa katikati ya ua wao. Barua hii ni ya neno hilo. Lakini nitaanza na nchi unayokwenda, kwa sababu hasira niliyoipata kwa ajili yake ndiyo imenipa nguvu ya kuandika habari zetu.

Miaka kumi nimesimama mbele ya kidato cha nne nikiandika ubaoni kwamba Muungano wa Kisovieti ulivunjika, nchi mpya zikazaliwa. Nchi mpya. Nilizitaja kwa mkupuo mmoja, Estonia ikiwemo, kisha nikafuta ubao. Ulipopata nafasi ya masomo huko ndipo nikaanza kusoma kwa bidii, maana sikutaka uende mahali ambapo mimi napajua kwa jina tu. Nikagundua kwamba miaka kumi yote nimefundisha uongo. Haikuwa nchi mpya. Ilikuwa nchi iliyoporwa ikarudishwa, na mimi, mwalimu wa historia, nilikuwa nawasaidia waporaji kwa chaki yangu.

Ni watu wachache, Nyemo, hawafikii hata nusu ya watu wa mkoa wetu. Karne nyingi walikuwa wakulima kwenye ardhi yao wenyewe, chini ya mabwana waliotoka kwingine, bwana mmoja akichoka anakuja mwingine. Mwaka 1918, madola makubwa yakiwa yanayumba kwa vita, wakatangaza kwamba wao ni taifa. Kesho yake jeshi la Wajerumani likaingia mji mkuu. Hawakufuta tangazo lao. Wajerumani walipoondoka likaja jeshi jekundu kutoka mashariki, wakapigana nalo, wanafunzi wa sekondari wakiwa mstari wa mbele. Mwaka 1920, katika mji wa Tartu, huo huo utakaosomea wewe, Urusi iliweka sahihi kwamba inaachia haki zake zote juu ya nchi ile kwa hiari na milele. Milele hiyo ilidumu miaka ishirini.

Neno "hiari" ndilo lililonisimamisha. Niliweka kitabu chini nikatoka uani kunywa maji.

Maana lilirudi tena, likiwa limegeuzwa kichwa chini. Majirani wawili wakubwa, Wajerumani na Warusi, walikaa wakagawana nchi za watu kwa karatasi ya siri. Kwanza Warusi wakaomba kambi tu za askari wao. Kisha wakaleta askari wengi. Kisha, mwaka 1940, askari wakiwa wamejaa kila mahali, wananchi wakaambiwa wapige kura, na orodha ya wagombea ilikuwa moja. Bunge lililopatikana hivyo likaandika ombi. Ombi, Nyemo! Liliomba nchi yake imezwe, na ombi likakubaliwa. Mtu akikunyang'anya kitu, angalau moyo wako unabaki na ushahidi. Lakini akikushika mkono ukaandika mwenyewe kwamba unamwomba akichukue, amekunyang'anya na haki ya kulia.

Najua hili. Nilikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, na wewe ulikuwa na miezi minne tumboni.

Ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa na dirisha lililotazama shamba la zabibu la shule. Babu yako alikuwa ameketi kwenye benchi na koti lake la mwinjilisti, lile alilokuwa akivaa kuzika watu. Mkuu wa shule hakuwa mkali. Ningependa awe mkali. Alinisogezea karatasi mbili za mistari na kalamu, akasema kwa upole, "Damari, wewe ni mtoto wangu. Nikikufukuza, neno hilo litabaki kwenye faili lako maisha yote. Sasa andika mwenyewe. Mimi nitakusomea."

Akasoma, nikaandika. Mimi Damari, mwanafunzi wa kidato cha tatu, naomba kuacha shule kwa hiari yangu kutokana na matatizo ya kifamilia.

Unataka kujua nilifanya nini? Nilimuuliza, "Mwalimu, tarehe niweke kulia au kushoto?"

Nilikuwa mwanafunzi wa kwanza darasani. Nilitaka barua yangu ya kujiua kimasomo iwe na mpangilio mzuri. Akajibu, "Kulia, mwanangu," na babu yako akashukuru. Alishukuru mara mbili. Tulipotoka nje, kijana aliyekuwa baba yako alikuwa uwanjani anafagia majani na wenzake, zamu yao ya usafi. Aliinama chini. Hakuna aliyemwandikisha barua. Alifanya mtihani wake mwaka uliofuata na leo ni mtu wa heshima huko aliko. Simtaji, maana barua hii si yake.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kosa langu kubwa lilikuwa lile la mimba. Baadaye nikaamini ni kuandika barua ile. Yote mawili siyo. Kosa langu linakuja, nami sitalikimbia, lakini ngoja nimseme bibi yako kwanza, maana bila yeye huwezi kuelewa.

Ulipotimiza mwaka na nusu, babu aliamua. Nitakwenda mjini kwa shangazi yangu, nitasoma kama mtahiniwa wa kujitegemea, na wewe utabaki Hombolo ukiwa mtoto wao. Ukabatizwa hivyo. Kwenye cheti cha ubatizo, mama ni bibi. "Hata Wagogo wa zamani walifanya hivyo," alisema babu. "Binti akizalia nyumbani, mtoto ni wa boma." Ni kweli, walifanya hivyo. Lakini kwa mila yetu mtoto alikuwa wa boma bila mama yake kufutwa. Hilo la kunifuta lilitokana na koti lake la mwinjilisti, na waumini waliokuwa wakimtazama.

Akaagiza pia kadi yako ya kliniki ichomwe, maana ilikuwa imeandikwa jina langu mahali pa jina la mama. Bibi alisema, "Sawa, mume wangu." Akaenda jikoni na kadi. Akarudi bila kadi.

Na tangu siku ile, kila niliporudi Hombolo kuwasalimia, babu akiwepo bibi aliniita Damari. Babu akitoka tu, hata akienda zizini kwa dakika tano, bibi anaita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile hakuna lililowahi kuamuliwa: "Mama Nyemo, hebu nipe ungo huo." Unajua kwetu mwanamke akishazaa, jina lake ni la mtoto wake wa kwanza. Watu husahau hata alilobatizwa. Hilo ndilo lililokuwa jina langu, na mtu mmoja tu duniani ndiye aliyelitumia, tena kwa dakika tano tano.

Nilipokuwa nasoma habari za Estonia nikamkuta bibi yako humo. Nchi ile ilipomezwa, kuna serikali kubwa zilizosema hatutambui. Hazikupeleka jeshi kuikomboa, na hilo nalo linanikasirisha. Lakini zilikataa kufuta jina. Huko New York ofisi ya ubalozi mdogo wa nchi ile ilibaki wazi miaka yote hiyo, ikitoa pasipoti za taifa ambalo kwenye ramani halipo. Wakati huo kule Estonia watu walikuwa wakipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, wengi wao wanawake na watoto, kupelekwa Siberia. Bendera ikawa kosa la jinai, watu wakaificha darini na kuizika ardhini. Hebu mfikirie yule afisa, kila asubuhi anafungua mlango wa ofisi ya nchi isiyokuwepo. Majirani zake walimwonaje? Bila shaka kama tulivyomwona bibi yako sisi wenye elimu: mwanamke mkaidi asiyeelewa kwamba mambo yamekwisha.

Sasa kosa langu.

Ulikuwa na miaka sita. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni Chimwaga, nimefika kwa kuchelewa, nimefika kwa meno. Wenzangu wanne wa chumbani walikuwa wamenyooka maisha yao yote. Niliwaambia nina mdogo wangu wa mwisho nyumbani. Jumamosi moja tulikuwa tunatoka kufua, ndoo mikononi, nikasikia sauti kutoka barabarani chini:

"Mama Nyemo! Wee Mama Nyemo!"

Sikugeuka. Bibi alikuwa amepanda gari mbili kuniletea karanga na mlenda mkavu, amekushika mkono, wewe umevaa gauni la njano la sikukuu. Aliita mara ya tatu. Mmoja wa wenzangu akasema, "Huyo bibi anamwita nani jamani?" Nikasema sijui.

Kisha wewe ukamwachia mkono ukakimbia. Ukapanda ile ngazi ndefu ya mawe, kiatu kimoja kikakuvuka, ukanikumbatia miguu ukasema, "Mama."

Nikachuchumaa. Nikakushika mabega. Sikuwa mkali, Nyemo, nilikuwa mpole sana, sauti yangu ilikuwa ile ile ya mkuu wa shule. Nikasema, "Dada. Sema dada."

Ukanitazama.

"Sema, shikamoo dada."

Ukasema.

Wenzangu wakacheka kwa furaha, "Jamani anafanana na wewe!" Bibi alifika juu anahema, na kiatu chako mkononi. Alinitazama, akasema kwa Kigogo maneno machache ambayo sitayaandika hapa. Akaweka karanga chini, akakuvisha kiatu, mkaondoka. Hukuniita mama tena tangu siku hiyo. Mtoto wa miaka sita, na ulikuwa mwaminifu kwa agizo kuliko askari yeyote.

Hilo ndilo kosa. Mimi niliandikishwa nikiwa na miaka kumi na saba, na mtu angeweza kusema nilikuwa mkubwa kiasi. Wewe nilikusemesha ukiwa na miaka sita, na hakuna aliyenishikia bunduki. Nilikuwa nimejifunza vizuri kwa aliyenitesa. Hasira niliyo nayo juu ya ofisi ile yenye dirisha la zabibu ni ya haki na nitakufa nayo, lakini kwa miaka mingi niliitumia kujifichia. Mtu aliyedhulumiwa hupenda kuamini kwamba mikono yake ni misafi. Siyo lazima. Usije ukaniamini mimi wala mtu yeyote kwa sababu tu ameumizwa.

Babu alipofariki ulikuja kuishi nami. Siku nilipopata ujasiri wa kukwambia, ulikuwa unapepeta mchele, hukuinua hata kichwa. "Nilijua," ulisema. "Dada, chumvi imekwisha." Nikaenda kununua chumvi. Nililia njia nzima mpaka dukani, na mwenye duka akadhani nimefiwa tena.

Nikakasirika, nakiri. Nilitaka siku ile ile unirudishie neno. Nilikuwa nimejenga upya kila kitu: vyeti, kazi, nyumba hii, tofali kwa tofali. Watu walinipongeza, "Mwalimu, umeanza upya!" nami nikawa nakereka, maana sikuanza upya, nilikuwa naendelea pale nilipokatizwa. Nilijiambia, mimi ni mama yake tangu siku ya kwanza, hakuna siku nilipoacha kuwa. Haya yaliyopita hayahesabiki.

Estonia nayo ilisema hivyo. Mwaka 1989, mwezi wa Agosti, watu wa nchi tatu jirani walisimama barabarani wakashikana mikono, mnyororo wa binadamu kupita nchi zote tatu, wakidai karatasi ile ya siri itajwe hadharani. Miaka miwili baadaye, vifaru vikiwa tayari njiani, bunge lao likatangaza uhuru. Halikusema tunaunda nchi. Lilisema nchi yetu haikufa kisheria hata siku moja, tunaishika tena. Nilisoma hapo nikapiga meza. Walikuwa na haki kabisa.

Lakini endelea kusoma, mwanangu, usiishie penye kupiga meza. Kama miaka hamsini ile haihesabiki, je, waliokuja ndani ya miaka hiyo? Walikuwepo Warusi wengi, wengine wamezaliwa hapo hapo, hawajui kwao kwingine. Nchi ilipojirejesha, raia wakawa wale wa zamani na vizazi vyao. Wale wengine wakaambiwa wasubiri, wafanye mtihani wa lugha. Maelfu walibaki bila uraia wowote, na hati zao za kusafiria za rangi ya kijivu. Utakutana nao, bibi kama bibi yako, ndani ya basi. Sijui haki kamili ilikuwa ipi. Nimefikiri wiki nyingi na sijui. Najua tu kwamba nilikuwa karibu kukufanyia hivyo hivyo: kusema miaka yako ya Hombolo haikuwepo, bibi aliyekuogesha hakuwa mama, na neno "dada" ulilolilinda kwa miaka kumi na tatu ni kosa la kufutwa. Wewe ulizaliwa upya ndani ya uongo wangu na ukaishi humo vizuri. Siwezi kujirejesha kwa kukufanya wewe mgeni.

Unakumbuka mwezi wa tatu, ofisi ya vizazi, tulipofuata cheti chako kwa ajili ya pasipoti? Yule afisa mwenye miwani alishika cheti cha ubatizo mkono mmoja, na mkono mwingine kadi ya kliniki ambayo bibi alikuwa ameitoa asubuhi ile ndani ya kilindo cha uwele, lile pipa lake la gome la mti. Miaka yote ilikuwa humo, chini ya nafaka, ndani ya mfuko wa sukari. Ilinuka mavuno.

"Mtoto mmoja mama wawili," afisa akasema. "Serikali imtambue yupi?"

Bibi akasema, "Kijana wangu, shikamoo yako sijaisikia."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Soma kadi."

Afisa akakugeukia wewe. Nilitazama sakafu. Ukasema, "Andika ya kwenye kadi." Sauti yako haikutikisika. Akaandika jina langu, akagonga muhuri, nami nikadhani sasa, sasa atasema. Tukapanda bajaji watatu. Ukanisukuma kwa kiwiko: "Dada, sogea basi, umekalia kanga ya bibi."

Bibi alicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa sijui kama nacheka.

Nimefika hapa na simu imeita. Ni bibi, nami nimeiweka sauti ya juu kwa sababu masikio yake siku hizi ni mazito. Madirisha yako wazi na Mama Rehema anaanika nguo upande wa pili.

"Mama Nyemo!" bibi akapaza sauti kama kawaida yake, kama vile simu ni bonde. "Mama Nyemo, upo?"

Nikainuka kabisa kwenye kiti. "Abee mama!" Nimeitika kwa nguvu, Nyemo. Mama Rehema amegeuka na kibanio cha nguo mdomoni.

"Mtoto ndiyo anapanda gari sasa. Nimempa karanga. Anasema nimwambie dada yake ampikie mlenda." Akaongeza: "Nimemwambia mimi simjui huyo dada."

Nikasikia kicheko chako kwa mbali, na honi ya gari. Nikasema, "Mama, mwache. Ujumbe umefika."

Umefika kweli. Mlenda nitaupika nikishamaliza ukurasa huu. Ukiniita dada jikoni jioni hii nitaitika, na kesho kituoni nitaitika, na ukipiga simu kutoka kwenye theluji yao nitaitika kwa neno lolote utakalolichagua, hata kama ni hilo hilo mpaka nizeeke. Sitakulazimisha kusema neno tena. Lakini kama siku moja mtu huko atakuuliza mama yako ni nani, usimwonee haya wala usimwonee huruma huyo mama. Kadi ya kliniki nimeitia kwenye mfuko wa ndani wa begi lako dogo, na barua hii nitaiweka humo humo. Bibi ameruhusu. Amesema imekaa kwenye kilindo muda wa kutosha.

Tarehe nimeiweka kushoto. Hakuna aliyenisomea maneno haya, wala hakuna aliyeketi kwenye benchi akishukuru. Nimeyaandika kwa hiari yangu.

Mama Nyemo